Ukoo wa Mlango: siku sita Amu, Witu na kurudi

Jumatatu, 17 Februari 2025

Kwanza mjue mie si mtu wa ng'ombe. Mie ni mtu wa saibakafe pale Langoni, mtaa wa Amu (Lamu), kazi yangu kuwajazia watu fomu, kuwapiga picha za pasi na kugombana na printa, na ng'ombe ninaowajua ni wale walioshaning'inia kwa Ami bucha. Sisi Amu mnyama wetu punda, huyo hata gizani unampisha bila kumuona. Lakini leo nimetoka nyumbani alfajiri na daftari la kurasa 96 kwapani manake kuna ng'ombe wangu mahali, yaani si wangu peke yangu, ni wa marehemu baba, na mama kasema Ramadhani haiingii kabla mirathi haijakaa sawa. Huwezi kugawanya mali hujaihesabu.

Hadithi yenyewe ni hivi. Baba alikua fundi wa milango ya kuchonga. Mwaka 1997 ile mvua ya El Niño ilimkuta Witu alikokwenda kutafuta mbao za mbambakofi, njia ikakatika, hakuna gari la kwenda wala la kurudi, akakaa wiki tatu kwa Mworma mmoja, mfugaji wa ng'ombe, ambaye hata hakua akimjua. Kazi yake kuswali na kunywa maziwa. Aliporudi alikua amenenepa, mama hilo halisahau mpaka leo. Mwaka wa pili yake akauza mlango mmoja akanunua mitamba wawili akamuachia yule mzee amfugie. Karatasi hakuna, shahidi hakuna. Mapatano ni kwamba maziwa ya mzee, ndama wa baba, na kila baada ya muda mzee anajichukulia ndama mmoja kwa taabu yake. Baba amefariki 2019 na mara ya mwisho kutaja hesabu alisema wako kumi na moja.

Mie jana usiku nishachukua kikokotoo nikapiga kumi na moja mara elfu arubaini na tano, na printa mpya nishaichagua.

Boti ya Mokowe, gati la upande wa bara, tumeipata kwa mbio, Ami mbele anapiga kelele "ndoo, ndoo, iwe unatembea kama bibi harusi!" Kaskazi inavuma, bahari shwari. Ami anakwenda kutafuta madume ya Ramadhani, na kabla ya hapo kuna kuvunja jungu ambako watu wa Amu wanakula nyama kama kesho hakuna, kwa hiyo safari yake ni biashara na yangu ni hesabu. Upande wa Kililana unaona zile winchi za bandari mpya zimesimama, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ukizitizama kutoka kwa boti ni kama twiga wa chuma hawana pa kulisha.

Njia ya lami sasa ni starehe, wadogo hawajui kwamba zamani masika ikikaza unalala njiani na mzigo wako wa maembe mpaka unaoza wote wawili. Kushuka kuonyesha kitambulisho ndio bado kupo, njia hii tangu 2014 ina mambo yake, watu wanashuka wanapanga foleni wanapanda bila maneno. Kilichonishangaza mie ni mabango. Nimeanza kuhesabu baada ya mji wa Hindi nikafika kumi na nne nikachoka: SHAMBA HILI HALIUZWI. Moja limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mti tu, hakuna hata shamba, vichaka. Ami akasema hapa pote palikua pa kupita ng'ombe, nikamuuliza nani alikua mwenyewe, akasema ndio hiyo sasa shida, aliyepita alijua ni pake kwa sababu alipita, na aliyekuja na karatasi alijua ni pake kwa sababu ana karatasi.

Tumelala Witu. Chumba kina feni inayozunguka kwa kufikiria.

Jumanne

Asubuhi bodaboda mbili mpaka kijijini, si mbali sana lakini mchanga umetutoa jasho. Nilikua nategemea zile nyumba za duara za picha, kama bakuli lililofunikwa, za miti ya kupinda na nyasi. Zipo tatu. Zilizobaki ni za udongo na mabati, za pembe nne, na kuna sola juu ya paa na antena ya dishi. Bibi wa mzee (huyu ndie aliyemnenepesha baba) alinieleza bila kuulizwa kwamba ile ya nyasi ni kazi ya mwanamke, mwanamke ndie anaijenga na ndie anaibomoa siku ya kuhama na kuipakia. Sasa kuna shule, kuna zahanati, kuna kisima cha pampu, basi wamekaa. "Nyumba ya mabati haihami," akasema, na sikujua kama anasifu au analalamika. Nadhani yote mawili.

Mzee mwenyewe tumemkuta chini ya mkwaju. Shikamoo, marahaba, alafu akanishika mkono hakuuachia kama dakika tano nzima akiniita mtoto wa fundi. Mama mzima? Mzima. Bahari nzima? Nikasema nzima. Mvua kwenu? Nikamwambia sisi mvua hatuifuatilii sana mzee, tunafuatilia kaskazi. Akacheka. Vuli iliyopita haikutosha huku, kanionyesha kwa kidole, nyasi za kijijini zimekatwa na meno mpaka mizizi.

Nikatoa daftari. Nikasema mzee, kuhusu wale kumi na moja wa baba. Akanitizama kama niliyemuuliza mkewe ana kilo ngapi.

Nikatizama pembeni nikaona ng'ombe sita tu na ndama wao, kijiji kizima. Hapo wallahi moyo ulishuka mpaka kwenye viatu. Nishawasikia watu wa mjini wanavosema, ukimpa mtu ng'ombe wako akufugie, akifa ni wako, akizaa ni wake. Nikamuangalia Ami, Ami anakunywa chai.

Kumbe sikuelewa kitu. Wale wa kijijini ni wa kukamua tu, wa watoto na wazee. Mifugo yenyewe iko mbali na vijana, leo huku, mwezi ujao kule, na watu wa mjini tukifika tunaona mazizi matupu tunasema hawa jamaa maskini au waongo. Familia moja sasa imekaa vipande viwili, nusu imekaa kwa sababu ya shule na nusu inatembea kwa sababu ya nyasi, na kinachoziunganisha ni simu. Mtoto wa mzee wa mwisho yuko kidato cha tatu bweni, wa kwanza ndie yuko na ng'ombe, na yule wa katikati alikua akisoma akaacha 2022 manake hakukua na wa kumsaidia kaka yake kuinua ng'ombe. Kuinua, ndio. Ng'ombe akikonda sana akilala usiku asubuhi hawezi kusimama mwenyewe, mnamshika mkia na pembe mnamsimamisha, watu wanne. Kila asubuhi. Ng'ombe mmoja mmoja.

Maziwa nayo yana serikali yake. Mwanamume hana usemi hapo. Bibi anakusanya yake na ya majirani wawili, mtu wa bodaboda anapita saa moja na madumu kupeleka Witu, pesa inaingia kwa simu ya bibi na ndio karo ya yule wa bweni. Kasema kibuyu kilichofukizwa kwa moshi kinatunza maziwa na kinayapa ladha, dumu la plastiki linayaharibu haraka, lakini kibuyu hakifungiki kwenye pikipiki. Nimekunywa ya kibuyu. Nyumbani Amu tunakunywa ya pakiti kutoka bara, boti na lori siku mbili tatu, na ng'ombe wako hapa karibu ya mlango wetu, mtu anieleze.

Usiku wametupa nyirinyiri na samli. Sijawahi kula nyama nikanyamaza hivo.

Jumatano

Leo ndio siku yenyewe. Tumeondoka saa kumi na moja, bodaboda mpaka njia ikaisha, alafu miguu. Mzee ana miaka sabini na kitu na mie thalathini na mbili, na yeye ndie aliyekua akinisubiri. Mbele yetu kijana wake anatuelekeza kwa vidokezo vya sauti vya WhatsApp, anatuma kila palipo na netiweki, "pitieni kwa ule mbuyu uliopasuka, msifuate njia kubwa, kuna shamba jipya." Nikauliza wanajuaje nyasi ziko wapi. Zamani wanatumwa vijana wawili wanakwenda siku tatu nne kutizama wanarudi na habari. Sasa hivi vijana wanakwenda vile vile lakini wanarudisha video. Mzee hazipendi video. Anasema nyasi kwenye simu zote ni kijani.

Mbung'o walitupokea kama wageni wa heshima. Mie nimeumwa shingoni, mgongoni juu ya shati, hata kwenye soksi. Hapo ndio nilipoelewa kwa nini mzee anawadharau ng'ombe wa gredi wale wakubwa wa maziwa mengi, kasema ukimleta hapa hamalizi mwezi. Tulimkuta kambini kijana mmoja wa dawa za mifugo amekuja na pikipiki na sanduku la barafu, kasomea hayo mambo, akaniambia ng'ombe wa Kiorma ni Boran lakini Boran wa aina yake, na kwamba miaka ya themanini watafiti waliwalinganisha na Boran wengine kule ranchi ya Galana, nyuma ya Malindi, wakaona hawa wa Waorma wanastahimili zaidi nagana, ule ugonjwa wa mbung'o. Si kwamba hawaugui, wanaugua, lakini wanasimama. Mzee akasikiliza mpaka mwisho akasema sawa, lakini hao watafiti wangetuuliza tungewaambia bila kuwachoma ng'ombe sindano. Kisha akaongeza kwamba babu wa babu yake alibaki na ng'ombe wanne tu baada ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe, na wote hawa ni wa wale wanne. Sotoka ya mwisho wa karne ya kumi na tisa hiyo, ugonjwa wenyewe ukatangazwa kuisha duniani 2011, na huyu mzee anausimulia kama wa juzi.

Basi ng'ombe wakarudi jioni. Vumbi kwanza, alafu kengele za mbao, alafu wenyewe, weupe weupe na wengine wa kijivu, na nundu zimelala kidogo kwa njaa lakini ngozi nzuri. Mzee akasimama akaniambia funga hilo daftari, nitizame.

Akaanza. Wale mitamba wawili wa 1998, mmoja alikufa hakuzaa. Wa pili alinunuliwa kwa pesa ya mlango kwa hiyo jina lake likawa Mlango. Nilidhani anatania au nasikia vibaya. Mlango! Na ng'ombe wote wa baba ni ukoo wa Mlango, kila mmoja akimtaja anaanza na Mlango, fulani mtoto wa fulani mtoto wa Mlango, yule mweupe wa sikio jeusi, yule aliyezaliwa siku ya mkutano wa chifu, yule mwenye pembe moja iliyotazama chini. Hakukosea hata mara moja, nilimrudisha nyuma makusudi kama mara tatu kumjaribu (Mungu anisamehe) na kila nikimrudisha anaanzia pale pale.

Kumi na moja, 2019, ni kweli. Wakazaa watatu 2020 wakawa kumi na wanne, mzee akachukua mmoja wake wa haki, kumi na watatu. Alafu mvua ikakosa. Si mara moja, misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, ule ukame ulioua mifugo zaidi ya milioni mbili Kenya nzima, mie nilikua nausoma kwenye simu huku nakula mahamri. Mwisho wa 2021 wawili wakafa kijijini kabla hawajahama. Wakaswaga waliobaki mpaka Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, na ziwa lenyewe lilikua matope, mpaka viboko wamekwama, na mtoto wa tatu wa Mlango akaingia kunywa hakutoka. Wakavuta kwa kamba mpaka kamba ikakatika. Watatu walikufa wakielekea delta ya Mto Tana 2022, mmoja mmoja, na mzee ananitajia mahali na saa. Mmoja akauzwa akiwa mifupa, elfu sita, wakanunua mabua na sindano kwa wengine. Sita. Alafu mvua kubwa ikaja, mwisho wa 2023, na mtu wa mjini anafikiri basi shida imekwisha, kumbe ng'ombe aliyekonda akinyeshewa usiku kucha anakufa kwa baridi, na huyo ndie mmoja mwengine. Watano. Mwaka jana wamezaa wawili.

Saba. Wako hapa, nimewaona, nimewashika.

Nilikua nimefungua daftari kwa siri nyuma ya mgongo wa Ami. Nilipoitizama ile orodha usiku nikaona si orodha ya ng'ombe, ni ramani. Ukitia alama kila alipokufa ng'ombe wa baba unapata njia yote ya ule ukame kutoka hapa mpaka delta.

Nikamuuliza swali lililonikaa kooni, mbona hukutuambia. Akasema nilipiga simu. Namba ya baba. Nikamwambia mzee lakini baba ulimjua amefariki, ulikuja matangani. Akasema najua, nilijua namba iko na mkewe au na wewe. Akapokea mtu mwengine, mwanamume, yuko Nakuru. Sisi tuliiacha ile laini ikafa kampuni ikampa mtu. Mzee alimpigia mara nne, ng'ombe wakifa, hakuelewa mpaka mara ya tatu kwamba si mtu wetu, na mara ya nne akampigia tu kwa sababu alishazoea. Yule mtu wa Nakuru akamwambia pole mzee.

Na mie kazi yangu ni kuwarudishia watu laini zao.

Alhamisi

Leo nimekwenda na vijana kunywesha. Waorma wana neno lao, malka, ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni, na kule delta ya Tana kila malka ina jina na wenyewe na utaratibu, nani atangulie nani asubiri. Sisi hatukufika mtoni, tulikwenda kwenye silanga moja, yaani bwawa la kuchimba, saa nne kwa miguu, na ingekua saa mbili kama si seng'enge. Tumezunguka mashamba matatu. Kijana wa mzee anayajua yote, hili lilikuja 2020, hili la mtu wa Mombasa hajawahi kulala hapa hata siku moja, hili la mama mmoja ni rafiki.

Yule mama rafiki tulimkuta. Mahindi kashavuna, mabua yamebaki, na wana makubaliano, ng'ombe waingie siku mbili, kwa kila kichwa kuna bei, inalipwa kwa M-Pesa kabla lango halijafunguliwa. Yeye anapata pesa na mbolea, wao wanapata lishe. Akanikalisha akaniambia na upande wake, na ni haki usikike: ng'ombe mia wakiingia kwenye mahindi mabichi usiku mmoja mwaka mzima umekwisha, watoto wako watakula nini, na asubuhi ukiamka mchungaji hayupo, ng'ombe hawana jina. Yeye ishamtokea mara mbili. Ndio mambo kama hayo yaliyolipuka kule delta kati ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji Agosti 2012 mpaka Januari 2013, watu zaidi ya mia moja wakafa, wanawake na watoto wamo. Kijana wa mzee alikua mdogo, anakumbuka wamelala porini. Mwaka huo huo wa 2012 delta ilitambuliwa kuwa ardhioevu ya mkataba wa Ramsar, yaani dunia nzima imekubali ni mahali muhimu kwa ndege.

Nilikua nasikia, tangu shule, kwamba wafugaji wanahamahama kwa sababu hawajaendelea. Hata vitabuni. Nimetembea nao siku mbili tu na naona ni upuuzi, kutembea ndio kazi yenyewe. Ng'ombe kila mtu anaweza kununua. Anachojua huyu kijana ni wapi mvua ilinyesha wiki iliyopita, nyasi gani ina chumvi, msitu gani una mbung'o mwezi gani, mama gani yuko na mabua, polisi gani atamuuliza pamiti. Sisi Amu tungekua wa kwanza kuelewa. Mvuvi hakai mahali pamoja akangoja samaki, kusi yuko huku kaskazi yuko kule, na hakuna anayemuita mzururaji. Bandari ilipochukua maeneo ya uvuvi wavuvi walikwenda mahakamani na 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Sisemi kulipwa kulikua rahisi. Nasema angalau kuna aliyekaa akahesabu bahari. Njia ya ng'ombe iliyofungwa na seng'enge inahesabiwa kwa nini, kwa mita au kwa ng'ombe? Kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, inaruhusu jamii kusajili ardhi yake ikiwa ni pamoja na malisho, nimemjazia mtu fomu zake mie mwenyewe mwaka juzi. Zinataka mipaka. Nikamuuliza kijana mipaka yenu iko wapi, akanyoosha mkono kulia, akafikiria, akaugeuza kushoto.

Mdogo wake anataka waache ng'ombe wafuge mbuzi na ngamia, ngamia anastahimili. Kaka hataki. Wamegombana juu ya hilo njia nzima kwa lugha yao, nilikua naelewa tu pale wanaposema "ngamia" na "lon" ng'ombe, na kwa sauti naweza kusema ngamia anashinda.

Miguu imevimba.

Ijumaa

Tumerudi Witu, tumeswali. Ami kanunua madume matatu baada ya kuapa mara saba kwamba anaondoka. Madalali wawili walijiingiza katikati, wakala chao, sijui walifanya nini. Mama kwenye simu: dume mmoja auzwe kwa Ami, waliobaki wakae kwa mzee. Nilichapa mkataba mzuri kwenye simu, vifungu sita, nikampelekea mzee. Kijana wake akamsomea. Mzee akasema sawa, andika, lakini hapo juu weka namba yako na ya mama yako na ya mtu mwengine asiyekufa haraka.

Jumamosi

Pamiti ya kusafirisha imetutoa saa mbili na sahihi tatu. Madume wanne kwenye lori, mie mbele na dereva, na kila tukikata kona nasikia kwato nyuma zinateleza nafikiria huyo wetu. Ni mjukuu wa Mlango, mweupe, ana doa la kahawia begani. Sikutaka kujua doa lake lakini nimeshajua.

Mokowe ndio kazi. Kumuingiza ng'ombe ambaye hajawahi kuona bahari kwenye mashua ni watu wanane, kamba mbili na matusi ambayo siandiki hapa. Watatu waliingia. Wetu alisimama gatini akatizama maji, akatizama sisi, akakataa. Ami anasukuma, wapagazi wanasukuma, akatoa sauti moja ndefu. Mwisho mzee mmoja wa pale akaja na gunia akamfunika macho akamzungusha mara mbili, akaingia mwenyewe kama abiria. Njiani bahari ilikua na mawimbi kidogo, alisimama miguu imepanuka pumzi nzito, na mie nilikua nimemshika shingo, sijui nani alikua anamshika nani. Amu tulipofika punda wote wa ufuoni waligeuza masikio.

Nimemuachia Ami. Sikwenda kuangalia.

Nyumbani mama alikua ametandika mkeka na karatasi. Wangapi? Saba, tumeuza mmoja, sita. Nikamueleza wote, nikajikuta namtajia rangi na mama zao kabla ya bei, akanitizama tu. Alafu akaanza, fungu lake la mke thumuni, yaani moja ya nane, waliobaki watoto, mwanamume fungu mbili mwanamke fungu moja, sisi wanne. Sita haigawiki kwa nane. Tukaweka pesa za dume pembeni tukajaribu tena, tukatia bei ya kila mmoja, mama akakataa bei ya yule wa pembe moja kasema hiyo ni ya kuonea, ng'ombe mama yake ni Mlango. Yeye hata hajamuona.

Saa nne usiku simu ikalia. Kidokezo cha sauti, kijana wa mzee, upepo mwingi nyuma na kengele. Yule wa sikio jeusi amezaa jioni hii, jike, mama na mtoto wamesimama, na baba yake anauliza fundi angemwita nani.

Mama akachukua kalamu akafuta karatasi yote.